Kiko, Tabakelo na Mti wa Mpingo

Historia ya vitu vikubwa huandikwa mapema. Historia ya vitu vidogo hungoja mtu wa kuihurumia. Ngome na misikiti ya kale ina wasimulizi wengi. Kiko na chombo cha ugoro havina. Walakini vyombo hivi vimepita mikononi mwa watu wetu kwa karne nyingi, tangu tumbaku ya Amerika ilipofika Afrika baada ya Wareno kufungua njia za bahari.

Ushahidi wa kwanza u katika lugha. Waandishi wa kamusi wa karne ya 19, Edward Steere miongoni mwao, walikuta kiko chenye viungo vilivyotajwa kimoja kimoja. Bora ndilo lililotiwa tumbaku na moto. Digali liliuteremsha moshi majini. Kiko chenyewe kilikuwa chombo cha maji, aghalabu kifuu cha nazi. Shilamu liliufikisha moshi kinywani. Na mlio wa maji uliitwa malio ya kiko. Mpenda ugoro naye alikuwa na tabakelo, neno lenye asili ya Kireno. Leo msemaji wa kawaida hubaki na neno moja tu, kiko, nalo limehama: katika miaka ya 1960 kiwanda cha Arusha kilichonga viko vya umbo la Kizungu kwa madini ya Amboseli, kikaviuza kwa jina hilo hilo.

Ushahidi wa pili u katika mti. Mlali, kijiji kilicho chini ya Uluguru kwenye barabara ipandayo Mgeta, kipo mahali pafaapo kuusoma. Mpingo hauoti vileleni penye ukungu. Ni mti wa nyanda kavu, hukua polepole, na huhitaji miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kiini chake ni kizito hata huzama majini, na nyuzi zake zimebanana, hivyo hufaa kwa chombo kidogo chenye ukuta mwembamba.

Kazi yenyewe yataka subira. Kipande hukaushwa kivulini, maana mpingo uliokaushwa kwa haraka hupasuka. Fundi huondoa kwa tezo sehemu ya nje iliyo nyeupe mpaka akifikie kiini cheusi. Hutoboa kwa keekee, kisha hulainisha kwa majani ya msasa, mti ulioipa jina lake karatasi tunayosugulia mbao leo. Waluguru, Wakwere na Wazaramo walishirikiana pia sanamu ya mwana hiti, yenye kishungi kichwani na isiyo na mikono wala miguu, inayohusiana na unyago wa mwali. Sanamu hiyo ilichongwa juu ya fimbo, viti na vizibo vya vibuyu.

Vingi vya vitu hivi vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mara nyingi imeandikwa kabila na jina la aliyevikusanya. Jina la aliyechonga halimo. Hivyo mkusanyaji amepata historia, na fundi amekosa.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kuhifadhi habari za vyombo vya tumbaku, hali madhara yake yajulikana? Hatuisifu tumbaku. Aandikaye habari za upanga hasifu mauaji. Huhifadhi ujuzi wa mhunzi. Na ujuzi huu una hatari mbili. Mti umekuwa adimu, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya mpingo imewekwa chini ya vibali vya mkataba wa CITES. Tena maneno yanakufa pamoja na wazee, bila ya kibali wala zuio.

Basi kazi hii ni ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Mzumbe hakiko mbali na Mlali. Na waende na daftari. Waulize kila kiungo huitwaje kwa Kiswahili na kwa Kiluguru, kilichongwa kwa mti gani na kwa chombo gani. Na kabla ya yote, waandike jina la fundi.