Namba timilifu ndani ya C

Namba timilifu ni namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3. Vijumlishe, unapata 6. Vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, navyo jumla yake ni 28. Lakini 8 inapungukiwa, maana 1, 2 na 4 ni 7 tu, na 12 inazidiwa: vigawo vyake vinafika 16.

Wapo wanaosema "namba kamilifu", na maana inaeleweka. Shida ni kwamba darasani "namba kamili" ina kazi yake: ni zile zisizo na sehemu, ziwe hasi, sifuri au chanya, ambazo lugha ya programu ya C huzitunza katika aina iitwayo int. Kamili na kamilifu zikikaa ukurasa mmoja, anayeanza atazichanganya. Timilifu inaepusha hilo, tena ina undugu na tamm, jina ambalo wanahisabati wa Kiarabu waliziita namba hizi.

Kiini cha programu ya kuzitambua ni fasili ile ile:

    int n, i, jumla = 0;
    scanf("%d", &n);
    for (i = 1; i <= n / 2; i++)
        if (n % i == 0)
            jumla += i;
    if (n > 0 && jumla == n)
        printf("Ni timilifu\n");
    else
        printf("Si timilifu\n");

Alama ya % hutoa baki ya kugawanya; baki ikiwa 0, i ni kigawo. Kitanzi kinakomea nusu ya n kwa kuwa kupita hapo hakuna kigawo ila n yenyewe, ambayo fasili imeiacha nje. Sharti la n > 0 nalo lina sababu. Liondoe, uingize 0: kitanzi hakizunguki hata mara moja, jumla inabaki 0, na sifuri inatangazwa kuwa timilifu.

Ijaribu kwa 6, 28, 496 na 8128, nne walizozijua Wagiriki wa kale. Ya tano, 33550336, itapita pia. Ya sita, 8589869056, haienei, kwa sababu int ya biti 32 hukomea 2147483647. Ukihamia long long itaenea, ila kitanzi kitazunguka zaidi ya mara bilioni nne. Kwa namba za ukubwa huo ni heri kanuni ya Euclid: 2ᵖ − 1 ikiwa namba tasa, izidishe kwa 2ᵖ⁻¹. Weka p = 3, upate 7 × 4, yaani 28.