Biskuti za mboga kwa mbwa: Zinavyookwa na viungo vya kuepukwa

KATIKA maboma mengi humu nchini, mbwa hula kilichosalia baada ya chajio. Hupewa ukoko wa ugali, mchuzi wa jana na, mara nyingine, ugali uliosongwa kwa unga ambao wenye nyumba wameukataa kwa kuwa umeshika ukungu. Mfugaji hudhani ameokoa pesa, kumbe ndani ya sahani hiyo huenda mna vitu viwili vinavyoweza kumuua mlinzi wake, yaani kitunguu na sumukuvu.

Biskuti za mboga zinazookwa nyumbani ni njia rahisi ya kumpa mnyama huyu kitu kitamu na salama, bora tu mwokaji ajue kinachopaswa kuingia katika unga na kisichopaswa.

Wazo lenyewe si geni. James Spratt, Mmarekani aliyefanya biashara jijini London, alianza kuuza biskuti za mbwa katika miaka ya 1860, akizitengeneza kwa ngano, mboga na nyama. Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa ni mla nyama tu, lakini utafiti wa kijeni uliochapishwa mwaka wa 2013 ulibaini kuwa ana uwezo mkubwa zaidi wa kusaga wanga kuliko mbwa-mwitu, jamaa yake wa porini.

Mahitaji ni machache: vikombe viwili vya unga wa ngano isiyokobolewa, kikombe kimoja cha kiazi kitamu au malenge yaliyochemshwa na kupondwa, karoti moja iliyokwaruzwa na yai moja. Mishiri michache iliyochemshwa na kukatwakatwa pia inafaa. Usitie chumvi, sukari wala hamira. Changanya na uukande unga hadi ushikamane. Ukiwa mkavu ongeza maji kidogo, na ukinata ongeza unga. Usukume kama chapati nzito, unene wa karibu nusu sentimita, kisha uukate vipande vidogo.

Katika oveni yenye joto la nyuzi 180, biskuti hizi huiva kwa dakika 25 hadi 35. Zima moto na uziache humo humo zipoe ili zikauke. Asiye na oveni asife moyo. Sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga, ndani yake ikawekwa sufuria ndogo, kisha makaa yakatiwa juu ya kifuniko, huoka biskuti kama inavyooka keki za sherehe huko mashambani. Ila jiko la makaa halina kipimo, kwa hivyo chungulia mara kwa mara. Zikipoa kabisa, zitie katika mkebe mkavu na uzitumie kwa siku chache. Zikiwekwa kwenye friji hudumu takriban wiki moja. Zikianza kuota ukungu, zitupe.

Suala la ukungu halihitaji mzaha. Mnamo 2004, mahindi yenye sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, yaliwaua watu 125 humu nchini, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Ini la mbwa nalo huathirika upesi na sumu hiyo. Mwaka mmoja baadaye, nchini Marekani, mbwa wengi walikufa baada ya kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi ya aina hiyo. Isitoshe, joto la kuokea halitoshi kuiondoa. Unga usioweza kumlisha mwanao, usimwokee mbwa. Vivyo hivyo kwa njugu karanga zilizonyauka au kubadilika rangi.

Kitunguu, kiwe kibichi, kilichokaangwa au cha unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 50 pekee, ambazo ni chini ya kitunguu kimoja cha wastani, zaweza kumdhuru mbwa wa kilo kumi. Kitunguu saumu nacho kimo katika kundi hilo. Hii ndiyo sababu viungo vya mchuzi vya pakiti, ambavyo wengi hupenda kuvinyunyiza ili chakula kinukie, havifai. Mara nyingi huwa na chumvi nyingi na unga wa kitunguu. Dalili huenda zikachukua siku kadhaa kujitokeza: ufizi hupauka, mnyama huishiwa nguvu na mkojo hugeuka rangi ya kahawia.

Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo, na chokoleti hudhuru moyo. Siagi ya njugu inafaa, lakini soma maandishi ya chupa kwanza, kwani aina nyingine hutiwa utamu wa zailitoli, ambao hushusha sukari ya mwilini mwa mbwa ghafla. Wakulima wa Murang'a, Embu na Meru nao wachunge makadamia zinazoanguka shambani. Mbwa akizila, hutapika, hutetemeka na miguu ya nyuma kulegea, ingawa kwa kawaida hupata nafuu baada ya siku moja au mbili.

Biskuti si mlo kamili. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunio visizidi asilimia kumi ya nishati anayohitaji mbwa kwa siku. Kinachosalia kitoke kwa chakula chenye protini ya kutosha. Mwanzoni mpe kipande kimoja, usubiri hadi kesho yake utazame choo chake, hasa kama umetumia malenge. Mbwa mwenye kisukari au maradhi ya figo asipewe kabla ya daktari kuulizwa.

Iwapo mbwa amekula kitu chenye sumu, usimnyweshe maziwa wala mafuta ili atapike. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, ukibeba pakiti au masalio ya alichokila, na umweleze saa alipokila na kiasi chake.