Lugha ya Chombo Kinachongoja Jibu: Kutoka Enkeshui hadi Vishikwambi

Mchezo wa kufunza si jambo geni Kajiado. Kabla ya shule kufunguliwa huko, Wamaasai walikuwa na enkeshui, mchezo wa safu mbili za mashimo ulio ndugu wa bao la pwani lenye safu nne na kete 64. Mchezaji huhesabu, hukisia, hutega, kisha humngoja mwenzake ajibu. Maana ya mchezo imo katika kungoja huko. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vyombo vya kisasa vya kufundishia vimeitafuta sifa hiyo hiyo ya kuitikiana, na kwamba kufaa kwavyo hutegemea lugha ambayo mtoto hutakiwa kujibu kwayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikisaidiwa na Marekani, ilitunga masomo ya redio ya nusu saa kwa madarasa matatu ya kwanza. Mfano wake ulitoka Nicaragua, ambako redio ilifundisha hisabati katika miaka ya 1970. Sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha sauti ikataja jibu sahihi. Redio haikuwasikia, bali watunzi walikuwa wameukadiria mapema muda wa kujibu. Somo lililochaguliwa lilikuwa Kiingereza. Kulifundisha si kosa. Hata hivyo ikumbukwe kwamba Kamati ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imependekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa hayo hayo. Sera ilielekeza huku, na chombo kikaelekezwa kule.

Tanzania ilishuhudia jaribio la namna nyingine. Shindano la kimataifa la XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014, lilidai programu itakayomfunza mtoto kusoma na kuhesabu pasipo mwalimu, na kwa Kiswahili. Kuanzia 2017 hadi 2019 programu tano zilijaribiwa mkoani Tanga, katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 3,000. Hapo mwanzo, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 tuzo iligawanywa baina ya Kitkit School na onebillion. Hapana shaka kwamba watoto hao walijibu kwa lugha waliyoisikia kila siku.

Kenya nayo ilianza kugawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi mwaka 2016, na jumla ikapita milioni 1. Lakini yaliyowezekana Tanga hayawezi kuhamishiwa Kajiado bila kufikiriwa. Kitengela ni mji uliokua kwa kupokea watu wa kila kabila wafanyao kazi Nairobi na Athi River. Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mtaa. Ukielekea Magadi, mtoto huja shuleni na Kimaasai. Kishikwambi kisemacho Kiswahili humjibu yule wa kwanza, na huyu wa pili humfunza mambo mawili kwa wakati mmoja: somo, na lugha ya somo.

Tofauti hii ni ya kiisimu pia. Maandishi ya Kiswahili hukaribiana mno na matamshi yake, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu programu huria ya eSpeak yaweza kukisoma kwa sauti na kumfaa asiyeona. Kimaasai ni lugha ya toni. Sarufi ya Tucker na Mpaayei ya 1955 ilieleza jinsi toni inavyotenganisha nomino iliyo kiima na ile iliyo shamirisho, ilhali maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Mashine isiyojua toni itasoma sentensi na kumpotosha msikilizaji asijue ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa.

Mtoto kiziwi, awe wa Kitengela au wa Magadi, hafaidiki na sauti yoyote. Katiba ya 2010 iliagiza Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli ziendelezwe pamoja na lugha za kiasili. Kwake, chombo kinachoitikia ni kile kinachoonyesha ishara.

Kwa kuhitimisha, historia hii haikuwa ya mitambo peke yake. Fundi huweza kuunda chombo kinachongoja. Jibu la kungojewa hutayarishwa na wanaisimu, kwa kukusanya sauti, toni, ishara na istilahi. Kiswahili kimekwisha kupata nafasi yake katika vyombo hivi. Wajibu uliobaki kwa wataalamu wake ni kuhakikisha kwamba hakiwatendei watoto wa Kimaasai yale ambayo Kiingereza kilikitendea Kiswahili chenyewe. Mcheza enkeshui hujua kwamba asiyempa mwenzake zamu hachezi, bali anahesabu kete peke yake.