Jamaika Nyuma ya Ufukwe: Ardhi, Milima na Kosa la Kuingia Bila Ruhusa

Niliporejea kutoka Jamaika, swali la kwanza niliulizwa na karibu kila mtu, wanafunzi wangu wakiwamo: "Vipi, umeogelea?" Sikuwalaumu. Kisiwa kile tunakijua kwa picha za mchanga mweupe na maji ya buluu, na kwa muziki wa reggae. Nilikuwa nimealikwa kwenye mkutano wa wanahistoria jijini Kingston. Ulipokwisha, nilibaki siku nne zaidi nikazunguka kisiwa kwa gari la kukodi, nikiendeshwa na mzee mmoja aliyezaliwa pwani ya kaskazini. Ufukwe niliufikia siku ya mwisho tu. Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba historia ya Jamaika, tangu utumwa hadi leo, inaweza kusomwa kwa swali moja: nani anaruhusiwa kukanyaga wapi?

Jamaika ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 11,000, karibu mara saba ya Unguja, na watu wasiofika milioni tatu. Sehemu kubwa ya nchi ni milima na vilima. Tambarare ni chache, na nyingi kati ya hizo ziko karibu na bahari. Waingereza walipokinyakua kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, tambarare hizo ndizo walizozigeuza mashamba makubwa ya miwa. Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari ndio waliozilima. Milima ikawa ya yule aliyethubutu kutoroka na, baadaye, ya yule asiyekuwa na kwingine pa kwenda.

Nilianzia pale pale chuoni. Kampasi ya Mona ya Chuo Kikuu cha West Indies, kilichoanzishwa mwaka 1948, imejengwa juu ya ardhi ya mashamba ya zamani ya miwa. Mfereji wa mawe uliopeleka maji kwenye mitambo ya sukari bado umesimama, na wanafunzi hupita kando yake wakiwahi vipindi. Kanisa la chuo lilikuwa jengo la shamba la miwa katika wilaya ya Trelawny. Lilibomolewa, likasafirishwa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya hapo. Kwa msomaji wa Tanzania, Mona ina uzito mwingine pia. Hapo ndipo Walter Rodney, aliyekwisha kufundisha Dar es Salaam, alianza kazi mapema mwaka 1968. Alitoka darasani akaenda kuzungumza historia ya Afrika na watu wa mitaa maskini ya Kingston. Oktoba mwaka huo huo serikali ilimzuia kuingia nchini aliporudi kutoka mkutanoni Kanada. Wanafunzi na wakazi wa Kingston waliandamana, na ghasia zikatokea. Mwaka uliofuata alirejea Dar es Salaam.

Kutoka Kingston tulipanda milima hadi Sligoville, kijiji tulivu ambacho mgeni asiyeijua historia yake angekipita bila kusimama. Ili kukielewa, tukumbuke jinsi utumwa ulivyokoma. Sheria ya kuufuta katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kwa jina la "uanagenzi" hadi tarehe 1 Agosti 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ililipwa kwa wamiliki wa watumwa. Waliotumikishwa hawakupewa hata senti, wala kipande cha ardhi. Deni lililotokana na mkopo wa kulipia fidia hiyo lilimalizwa kulipwa na walipa kodi wa Uingereza mwaka 2015.

Mtu huru asiye na ardhi alipaswa kupanga kibanda katika shamba la yule yule aliyekuwa bwana wake. Bwana aliweza kupandisha kodi au kumfukuza atakapo. Ndipo wachungaji wa Kibaptisti, akiwamo James Phillippo, walipoanza kununua ardhi milimani na kuigawa kwa viwanja vidogo vidogo. Sligoville, ambayo ardhi yake ilinunuliwa mwaka 1835, inahesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vile vilivyoitwa vijiji huru. Mwenyeji wetu alitukaribisha chakula: kiazi kikuu cha kuchemsha, ndizi mbichi, shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi. Nilijiona niko kwetu pwani, hadi nilipokumbuka kwamba shelisheli lililetwa huko mwaka 1793 kwa ajili ya chakula cha bei nafuu cha watumwa. Sahani ile ilikuwa kumbukumbu tosha ya uchumi wa shamba la miwa.

Siku iliyofuata tulielekea mashariki, wilaya ya St. Thomas, ambako watalii ni wachache mno. Nilitaka kuiona Morant Bay, na juu yake milimani, Stony Gut, kijiji cha Paul Bogle. Bogle alikuwa mkulima mwenye shamba lake na shemasi wa kanisa la Kibaptisti la wenyeji. Katika miaka ya 1860 ukame uliwapiga wakulima, ujira ulikuwa duni, na masharti ya mali na kodi yaliwafungia karibu Weusi wote nje ya sanduku la kura. Maskini wa wilaya ya St. Ann walimwandikia Malkia Victoria wakiomba ardhi ya kulima. Jibu lililotoka London liliwataka wafanye kazi za ujira kwa bidii. Gavana Edward John Eyre alilichapisha na kulisambaza kisiwani kote. Agosti 1865 Bogle na wenzake walitembea kwa miguu hadi Spanish Town, uliokuwa mji mkuu, kumweleza gavana malalamiko yao. Gavana alikataa kuwaona.

Cheche iliyowasha moto ilitoka mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 1865 mtu mmoja Mweusi alishtakiwa Morant Bay kwa kosa la kuingia bila ruhusa katika shamba lililokuwa limetelekezwa kwa muda mrefu. Naomba msomaji alishike jambo hili: ardhi ilikuwa imelala bila mkulima, wakulima walikuwa hawana ardhi, na sheria ikasimama na ardhi iliyolala. Watu waliokuja kusikiliza kesi walipinga, polisi wakatumwa kuwakamata viongozi wao, wakashindwa. Tarehe 11 Oktoba Bogle aliongoza mamia ya watu kushuka kutoka Stony Gut. Wanamgambo walifyatua risasi, jengo la mahakama likachomwa moto, na watu wa pande zote mbili wakauawa. Gavana alitangaza sheria ya kijeshi. Watu zaidi ya 400 waliuawa, wapatao 600 walichapwa viboko, na nyumba kiasi cha 1,000 zilichomwa. George William Gordon, mbunge aliyekuwa akiwatetea maskini, alichukuliwa Kingston, mahali ambapo sheria ya kijeshi haikuhusika, akapelekwa Morant Bay na kunyongwa. Bogle alinyongwa siku moja baadaye.

Kuna uzi unaotufikia sisi hapa. Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Dar es Salaam vimekisoma, kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House na kampuni ya London iitwayo Bogle-L'Ouverture. Nusu ya jina hilo ni la huyu shemasi wa Stony Gut. Nilikuwa nimekishika kitabu hicho mikononi kwa miaka mingi bila kujiuliza Bogle ni nani. Nilijiuliza kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye mteremko ule, na niliona haya.

Tulivuka kisiwa kwenda magharibi, nchi ya Cockpit, yenye vilima vya chokaa vilivyosongamana na mabonde kama vikombe. Humo ndimo Accompong, mji wa Wamaroni, wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa wakaishinda mipango ya jeshi la Uingereza kuwatiisha. Mwaka 1739 Waingereza walilazimika kutia saini mkataba na kiongozi wao, Cudjoe. Ulitambua uhuru wao na ardhi yao, na hadi leo watu hukusanyika huko kila tarehe 6 Januari kuuadhimisha. Ni fahari ya haki. Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuusoma mkataba hadi mwisho. Wamaroni walikubali kuwarudisha watoro wapya na kulisaidia dola kuzima maasi. Waliomkamata Paul Bogle mwaka 1865 walikuwa Wamaroni wa mashariki.

Nilipolitaja jambo hili mbele ya wazee wawili wa pale, hawakukasirika. Mmoja alisema, "Mwalimu, waliokuwa hapa walikuwa na watoto na ardhi ya kulinda. Mzungu alijua anachofanya." Nimelitafakari sana jibu hilo. Halifuti kosa, lakini linaeleza jinsi utawala unavyofanya kazi: humpa mmoja kipande cha usalama kwa sharti la kumfungia njia mwenzake. Sisi tuliotawaliwa kupitia machifu, maliwali na maakida hatupaswi kuiona mbinu hiyo kuwa ngeni. Wala wasomi na watumishi wa umma wa leo tusijione tuko nje yake.

Siku ya nne tuliteremka Montego Bay. Katikati ya mji kuna uwanja wenye jina la Samuel Sharpe, shemasi mwingine wa Kibaptisti, aliyeandaa mgomo wa watumwa wakati wa Krismasi ya mwaka 1831: wasirudi shambani bila ujira. Mgomo uligeuka uasi mkubwa uliotikisa magharibi yote ya kisiwa. Sharpe alinyongwa Mei 1832. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa. Watalii niliowaona uwanjani walikuwa wakitafuta kivuli.

Waandaaji wa mkutano walikuwa wamenilipia usiku mmoja katika hoteli ya ufukweni, mojawapo ya zile ambazo mgeni hulipa kila kitu mapema na hana haja ya kutoka getini. Ukanda huo una mahali kadhaa ambapo hoteli na viwanja vya gofu vimekaa juu ya ardhi ya mashamba ya zamani ya miwa. Nilimwomba yule mzee dereva tuingie wote, tutembee kidogo mchangani kabla hajarudi. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alitazama kadi yangu, akaniruhusu. Yeye akaambiwa asubiri kwenye gari. Mzee hakubishana. Alinionesha kwa kidole mwamba mmoja upande wa pili wa ukuta, akasema, "Pale ndipo baba alinifundisha kutupa wavu." Kisha akawasha gari. Mimi niliyetoka ng'ambo ya bahari mbili nilipita. Yeye, mzawa wa pale, kuingia kwake kungekuwa kuingia bila ruhusa.

Kisheria, mlinzi hakukosea. Sheria ya Kudhibiti Fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa chini ya ukoloni na kurithiwa na taifa lililopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, inaweka haki za ufukweni mikononi mwa dola, nayo dola hutoa leseni za matumizi. Haimpi mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini. Wajamaika wengi wanalipinga hilo, na katika miaka ya karibuni wanaharakati wamefungua kesi mahakamani kudai fukwe walizozitumia tangu utotoni. Wanaotetea utaratibu uliopo husema kwamba utalii unaleta ajira na fedha za kigeni, na hilo ni kweli. Lakini hata miwa ilileta fedha za kigeni. Kinachobaki kujibiwa ni iwapo mapato hayo yanahitaji ukuta, na nani aliamua kwamba yanauhitaji.

Ndugu msomaji, usinielewe kwamba Jamaika na kwetu ni kitu kimoja. Sisi ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tuna maandishi mazuri kuliko waliyorithi wenzetu. Lakini atembeaye pwani yetu, Bara na Visiwani, anajua ni mara ngapi njia ya wavuvi huishia kwenye ukuta. Afisa anayeidhinisha ramani ya hoteli, diwani anayekaa kimya na mwanafunzi anayepiga picha getini bila kuuliza njia ya kijiji ilipita wapi, wote wana neno katika jambo hili.

Waliouliza kama niliogelea nawajibu: sikuogelea. Nilikaa kwenye mchanga ule kwa muda wa nusu saa nikiutazama mwamba wa yule mzee, kisha nikarudi chumbani. Safari ijayo mwanafunzi wangu akienda pwani, ya kwao au ya kwetu, ningependa arudi na jibu la swali jingine: wanaokaa pale wanapita wapi kwenda baharini?