Bastola M1911 na M1911A1: Dawa ya Kuumwa na Nyundo

Ya kushoto ni M1911, kazi ya fundi John Moses Browning wa Utah, Marekani. Jeshi la nchi hiyo liliipokea Machi 1911, na kiwanda cha Colt kikaiunda. Magazini yake hubeba risasi saba za kipenyo cha milimita 11.43. Ni silaha imara sana, lakini ilimuumiza aliyeishika.

Tazama nyuma yake, juu ya mpini. Kila risasi ikitoka, mfuniko wa juu hurudi nyuma kwa kasi na kuilaza nyundo. Mkia wa nyundo hii ni mrefu, na ulimi wa chuma ulio chini yake ni mfupi. Askari mwenye kiganja kinene alibanwa ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, wakati mwingine hadi damu.

Sasa tazama ya kulia, M1911A1, zao la marekebisho ya miaka ya 1920. Ulimi umerefushwa ili ukinge mkono. Mkia wa nyundo umefupishwa. Kifyatulio nacho kimefupishwa, kikafikiwa na vidole vifupi. Mtambo wenyewe ulibaki ule ule wa Browning, na jeshi likaendelea kuutegemea hadi lilipochagua bastola nyingine mwaka 1985.

Zimewekwa bega kwa bega kwa sababu tofauti hii, ndogo lakini ya thamani kubwa kwa mtumiaji, haionekani vizuri ukitazama moja peke yake.