Yeremia 29 Isomwe Kuanzia Aya ya Nne

Yeremia 29:11, mahali Mungu anapowahakikishia watu wake kwamba anawakusudia heri, imeandikwa kwenye kalenda nyingi na vioo vingi vya daladala, hata wengi wamesahau iliandikiwa nani. Ilikuwa ndani ya barua kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Kabla ya kufika kwenye heri hiyo, nabii anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji ule wa ugenini, kwa kuwa watakaa miaka 70. Sura iliyotangulia inamtaja Hanania, nabii aliyewaahidi watu kuwa mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia alimwita mwongo. Nadai kwamba historia ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, inaifafanua barua hii kuliko mahubiri mengi: kuiamini ahadi ya Mungu ni kufanya kazi ya leo bila kupewa tarehe ya kesho.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi ilikuwa kambi ya wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Miongoni mwa waliofungwa pale walikuwamo Mashahidi wa Yehova, ambao dini yao ilipigwa marufuku mwaka 1967 na ambao walikataa kununua kadi ya chama tawala cha Malawi Congress Party. Mtu anaweza kutofautiana nao sana katika mafundisho, lakini hili halikanushiki: kadi moja tu ingewaepusha na kipigo na kifungo, nao hawakuinunua. Kisha Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa Kwaresima, ukasomwa makanisani nchi nzima, ukitaja waziwazi woga, umaskini na dhuluma. Maaskofu walihojiwa na polisi. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura kuchagua mfumo wa vyama vingi, na Mei 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi. Mwaka huohuo Dzaleka ikafunguliwa kwa waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na Kongo.

Makazi yaliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha kuu za soko na ibada. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yanayobana haki ya kufanya kazi na kuishi nje ya kambi. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa wafadhili walipopungukiwa. Katika hali hiyo watu wamefyatua matofali ya udongo, wakajenga nyumba, maduka, vibanda vya kushonea na makanisa; tangu 2014 wana hata tamasha lao la sanaa, liitwalo Tumaini. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamelishika jembe kwenye ardhi isiyo yao, wakiwa hawajui kama watakula walichopanda. Huko ndiko kutii barua ya Yeremia.

Mpinzani atasema: walijenga, na kujenga kuliwafaa nini? Hoja hii ni nzito. Wengi waliingia Lilongwe, wakafungua maduka, wakalipa kodi za nyumba, wakasomesha watoto. Machi 2023 serikali iliamuru wote warudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili, na kuanzia Mei polisi wakawakusanya mamia, watoto wakiwamo, wengine wakawekwa kwanza katika gereza la Maula. Sitaki kuipunguza hasara ile kwa maneno matamu. Ila barua ya Yeremia haikuahidi kwamba nyumba zilizojengwa hazitabomolewa. Iliahidi kwamba Mungu hajawaacha wajenzi. Anayezichanganya ahadi hizi mbili atamlaumu Mungu kwa amri iliyotolewa na wanadamu.

Wengine husema imani ya namna hii huwafanya watu wanyamaze. Ushahidi wa palepale unakataa. Waliokataa kadi hawakunyamaza, wala waraka wa 1992. Amri kama ile ilipotolewa mwaka 2021, wakimbizi walikwenda Mahakama Kuu, na utekelezaji ukasimamishwa kwa muda. Kinachonyamazisha watu ni mahubiri ya Hanania: mhubiri anayetaja mwezi wa safari ya kwenda Marekani au Kanada, kisha akaomba sadaka ya kuiharakisha. Nafasi za kuhamia nchi ya tatu ni chache sana. Anayeziuza kwa jina la Mungu anawaibia watu fedha, na anawaibia pia nguvu za kulima, kusoma na kudai haki zao.

Barua ileile inasema pia kwamba amani ya mji na amani ya wageni waliomo zimefungwa pamoja. Kwa hiyo inawahusu Wakristo wa Lilongwe sawasawa na wale wa Dzaleka. Makanisa yaliyopata ujasiri wa kumkabili Banda yaidai serikali iondoe masharti yale juu ya kazi na makazi.