Buba: Ugonjwa wa Watoto na Heshima ya Wazee

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwakumbuka wainjilisti, walimu na wajenzi waliotutangulia. Ni vema pia kuyakumbuka maradhi waliyopambana nayo, kwa maana katika sehemu nyingi za nchi yetu zahanati ya misheni ilisimama jirani na kanisa na shule. Miongoni mwa maradhi hayo ni buba. Vijana wengi wa leo hawajapata kuuona ugonjwa huu, lakini wazee wetu waliufahamu majumbani mwao.

Buba huletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota, ambaye mwaka 1905 daktari Mwitalia Aldo Castellani alimwona katika vidonda vya wagonjwa kule Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka. Bakteria huyo ni ndugu wa karibu mno wa yule wa kaswende, hata kwa darubini hawatofautiki. Lakini njia zao ni mbili tofauti. Buba si ugonjwa wa zinaa, wala mtoto hazaliwi nao. Huenea pale ambapo majimaji ya kidonda cha mgonjwa yanagusa mkwaruzo au jeraha dogo katika ngozi ya mwingine. Kwa hiyo ulistawi katika nchi zenye joto na unyevu, ambako maji na sabuni vilikuwa haba, na watoto wenye miguu mitupu walicheza na kulala pamoja. Wagonjwa wengi walikuwa na umri chini ya miaka 15.

Dalili zake zilikuja kwa awamu. Baada ya wiki chache tangu kuambukizwa, aghalabu wiki tatu hivi, uvimbe mmoja wenye vinundu mithili ya tunda la forosadi ulitokea, mara nyingi mguuni. Huo ulipona wenyewe baada ya miezi kadhaa, na wazazi wakadhani mambo yamekwisha. Kisha vipele na vidonda vingi vilienea mwilini, mifupa ikauma hasa usiku, na nyayo zikapasuka kwa maumivu hata mtoto akatembea upande upande kama kaa. Hayo nayo yalitoweka, lakini bakteria aliweza kubaki amejificha kwa miaka. Kwa takriban mtu mmoja katika kila kumi wasiotibiwa, ugonjwa ulirudi baadaye kwa ukali: mifupa ya miguu ikapinda, na pua na kaakaa vikaliwa. Buba uliua kwa nadra sana. Kazi yake ilikuwa kulemaza.

Tiba ilibadili mambo. Baada ya mwaka 1910 zilipatikana sindano za dawa zenye arseniki, na katika miaka ya 1920 sindano za bismuthi zilitumika kwa wingi Tanganyika, katika vituo vya serikali na vya misheni. Vidonda vya miezi mingi vilikauka kwa siku chache, na sifa za sindano zikavuma kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo dawa hizo zilihitaji kurudiwa, na wengi walipoona ngozi imekauka hawakurudi tena. Penisilini ya kudumu mwilini ilipopatikana, sindano moja ilitosha. Kati ya miaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walifanya kampeni katika nchi 46. Watu wapatao milioni 50 walitibiwa, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 95 hivi. Siri ya mafanikio ilikuwa kuwatibu pia waliogusana na wagonjwa, ingawa walionekana wazima. Juhudi zilipolegea, buba ulirudi katika baadhi ya nchi za Afrika Magharibi na ya Kati. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba dozi moja ya azithromaisini, dawa ya kumezwa, huponya sawa na sindano, na mwaka 2016 India ilitangazwa kuwa huru na buba. Lengo la dunia sasa ni kuutokomeza ifikapo mwaka 2030.

Wapendwa, lipo jambo moja ambalo historia hii inatudai. Aliyeugua buba utotoni aweza kubaki na alama yake katika damu maisha yake yote, hata kama amepona kabisa. Na vipimo vya kawaida vya damu haviwezi kutofautisha alama hiyo na ile ya kaswende. Mzee au bibi aliyepimwa uzeeni aweza basi kuonekana kama mtu mwenye ugonjwa wa aibu, na neno moja likitoka nje ya chumba cha daktari, ndoa na heshima ya miaka mingi hutikisika. Vivyo hivyo, aliyepoteza pua kwa buba aliweza kudhaniwa kuwa mkoma na kuepukwa.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Bwana hakulikubali swali lao. Nasi tunapowaona wazee wenye miguu iliyopinda, tukumbuke kwamba yaelekea wengine wao waliupata ugonjwa huo wakiwa watoto, wakicheza na ndugu zao. Kuwapa heshima yao ni sehemu ya shukrani yetu katika jubilei hii.